Mashine ya Chaji Ilimkaribisha Mume Wangu Niliyemzika

"KARIBU TENA, KAPTENI."

Hivyo ndivyo skrini ya mashine ilivyoandika.

Jamani... Kapteni ni mume wangu.

Na Kapteni nilimzika!

Udongo wa kaburi lake niliutupia mimi, kwa mkono huuhuu ninaoandikia sasa hivi.

Nikashika nguzo ya kibanda nisije nikaanguka mbele ya wateja.

"Mama Umeme, una nini?" mlinzi wetu akaniuliza.

Nikamwonyesha skrini kwa kidole. Akasoma. Akasogea karibu, akasoma tena. Halafu akavua kofia.

"Mimi nilishasema," akanong'ona. "Hiki kituo kina mambo."

"Nyamaza wewe!"

"Nanyamaza. Lakini mimi nasimama kule."

Na kweli akaenda kusimama kule. Mlinzi wa kulindwa, huyo!

Ngoja niwaeleze kidogo, maana najua mtaanza kuniuliza mashine inamjuaje mtu.

Mimi ni mhudumu kwenye kituo cha kuchaji magari ya umeme. Chaji ya haraka, ile ya mashine ndefu kama kabati, yenye waya mnene kuliko mkono wangu. Ndiyo maana wateja wananiita Mama Umeme.

Ukichomeka gari, umeme haumwagiki hapohapo kama maji ya bomba. Gari na mashine vinaongea kwanza, kupitia waya uleule.

Gari linajitambulisha. Linasema: mimi ni fulani, nimebakiwa na chaji kiasi hiki, nipe umeme kiasi hiki, usizidishe.

Mashine inatii. Wala mteja hahitaji kutoa simu. Jina alilojisajili nalo linatokea lenyewe kwenye skrini.

Na duniani kote mtu aliyejisajili kwetu kwa jina la Kapteni alikuwa mmoja tu. Walimpa jina hilo abiria wake wa teksi, kwa sababu kila akiwasha gari alikuwa anatangaza: "Abiria, fungeni mikanda, tunapaa!"

Mcheshi yule... Mungu amrehemu.

Sasa sikilizeni. Gari la Kapteni lilikuwa la bluu. Lilitoka barabarani mchana kweupe, likagonga ukuta. Wakaniambia alisinzia.

Na hilo gari halipo tena! Shemeji yangu, mdogo wake Kapteni, ambaye ni fundi wa magari hayahaya ya umeme, alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya chuma chakavu.

"Nimesimama nikaliona likipondwa, shemeji," aliniambia huku machozi yanamtoka. "Usiliwaze tena."

Nilimwamini. Nani asingemwamini? Ndiye aliyenisimamia msiba mwanzo mwisho. Ndiye aliyerekebisha paa lililokuwa linavuja. Mama mkwe akaanza kunisema chinichini, oh, mwanangu huyu hajaoa, oh, wewe bado kijana. Mwisho nikakubali.

Ndoa yetu ilikuwa iwe Jumamosi.

Na hii ilikuwa Alhamisi, gari JEUPE limesimama mbele yangu, linajiita Kapteni.

Mlango wa dereva ukafunguka...

Akashuka mwanamke.

Nisiwe mnafiki, alikuwa mzuri. Kilemba cha njano, macho makubwa, lakini uso umechoka. Ndiye aliyechomeka waya mwenyewe, nikiwa bado nakuja, kisha akarudi kukaa ndani.

Nyuma kulikuwa na mtoto wa kama miaka mitatu, amelala kwenye kiti chake, jasho limemlowesha paji la uso.

"Dada, naomba msaada," akaniambia. "Mwanangu ana homa tangu jana. Wamenipa rufaa hospitali kubwa, na chaji niliyonayo hainifikishi. Itachukua muda?"

Nilikuwa bado nasoma skrini.

"Dada?"

"Haichukui muda," nikajikaza. "Hii ni ya haraka. Ya nyumbani ndiyo inachelewa, kwa sababu inapitia kwanza kwenye kifaa kidogo ndani ya gari kinachobadilisha umeme. Hapa mashine imeshaubadilisha, unaenda moja kwa moja kwenye betri."

Niliongea kama kasuku. Hayo maneno nayasema kila siku. Mawazo yangu yalikuwa kwingine kabisa.

"Mume wangu akijua nimekuja huku nimekwisha," akasema. "Amenikataza chaji ya haraka. Anasema nichaji nyumbani tu, polepole."

"Kwa nini?"

"Hajawahi kuniambia. Ananiambia usiende, basi."



"Naomba niangalie dashibodi kidogo," nikamdanganya.

Nikainama ndani ya gari...

Harufu ikanipiga usoni.

Mafuta ya karafuu! Yale Kapteni aliyokuwa anajipaka begani kila asubuhi, kwa sababu ya kukaa kwenye usukani siku nzima.

Nikageuza macho kwenye kiti cha dereva, nikaona ukingo wa kushoto umeshonwa kwa uzi wa kijani.

Huo uzi niliushona mimi. Kiti kilichanika, Kapteni akataka kupeleka kwa fundi viti, nikamwambia acha mambo ya kulipa watu, lete sindano. Nilikosa uzi mweusi, nikatumia wa kijani. Alinicheka wiki nzima.

Nikakigusa kile kiti. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi...

Ni la huyu dada, nikajiambia. Ni la huyu dada tu.

Lakini moyo haukutaka kusikia. Moyo uliniambia: yupo! Hakufa! Umezika mtu mwingine, mume wako yuko mahali anakula na kulala na huyu mrembo, na mtoto wamezaa!

Wanawake wenzangu mnanielewa. Kwa dakika ile nilimchukia Kapteni, na papo hapo nilikuwa natamani ashuke kutoka kwenye lile gari, hata kama anashuka kwa mke mwingine. Mradi tu ashuke akiwa hai.

Nikatoka. Nikamkabili yule dada.

"Gari hili umelipata wapi?"

Akashtuka. "Nimepewa na mume wangu. Kwani vipi?"

"Mumeo ni nani?"

"Wee dada, mbona unaniuliza kama askari?"

"Nionyeshe picha yake! Tafadhali. Nakuomba."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Hakubisha tena. Akatoa simu, akapekua picha, akanigeuzia.

Nilifumba macho kwanza. Nikahesabu pumzi. Nikayafumbua, tayari kumwona Kapteni.

Haikuwa Kapteni.

Alikuwa SHEMEJI!

Fundi mzima mzima, amembeba yule mtoto mabegani, anacheka meno yote nje.

Huyohuyo wa Jumamosi!

"Huyu ni shemeji yangu," nikasema. "Na Jumamosi ananioa."

Yule dada akanitazama kama hajasikia vizuri.

"Anakufanyaje?"

"Ananioa."

"Tuna miaka minne kwenye ndoa!" akapiga kelele. "Alinioa mbali na kwao, akaniambia hana ndugu aliyebaki hapa duniani. Kwamba kaka yake wa pekee alikufa!"

"Kaka yake ndiye aliyekuwa mume wangu. Na anakuoa wewe, alikuwa bado hai!"

Akakaa chini. Palepale kwenye saruji, na nguo yake nzuri. Mimi nikakaa pembeni yake, nifanye nini? Wanawake wawili tumekaa chini kituoni saa nane mchana, wateja wanatushangaa.

Mashine nayo nyuma yetu inavuma. Ile sauti ya feni zake nimeizoea, lakini siku hiyo ilikuwa inanitisha. Ilikuwa kama mtu anavuta pumzi kwa shida.

Dada akapiga simu. Akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Haloo, mke wangu."

"Nipo na shemeji yako," akasema kwa sauti ya chini ya kutisha. "Wa ndoa ya Jumamosi. Tuko kwake kazini, kituo cha chaji. Njoo."



Nilitegemea akane. Nilitegemea aseme huyo mwanamke kachanganyikiwa.

"Upo kituoni?" akauliza. "Umekuja na gari?"

"Ndiyo, linachaji, na usinibadilishie..."

"CHOMOA!"

Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"CHOMOA HILO GARI! CHOMOA!"

Simu ikakatika.

"Ameshikwa anatafuta pa kutokea," yule dada akasema, akasonya.

Na mimi nilitaka kusema hivyohivyo. Lakini kitu kikanigeuza shingo. Mpaka leo mlinzi anasema ni Kapteni alinigeuza. Mimi sijui. Nilijikuta tu naangalia skrini yangu, ile ya mhudumu, inayoonyesha mambo ambayo mteja haoni.

Joto la betri: 25.

Nikaitazama. Gari lile lilikuwa linakunywa umeme kwa nguvu zote mashine iliyokuwa nayo, na betri inasema iko 25. Namba ileile niliyoiona mwanzo.

Jamani sikieni, hapa ndipo penyewe.

Betri inayopokea umeme kwa kasi vile LAZIMA ipate joto. Ndiyo kazi yake. Itapanda thelathini, thelathini na tano, arobaini. Gari lina mfumo wa kuipoza, na ikizidi sana, betri yenyewe inaiambia mashine: punguza, naungua. Ikikaribia kujaa pia inasema: taratibu sasa. Mashine haioni ndani ya gari. Inaamini inachoambiwa tu.

Nikasubiri namba ibadilike. Haikubadilika.

25.

25.

Kitu pekee ninachojua mimi ambacho hakipati joto hata ukifanyeje ni maiti.

"Mtoto," nikasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Si amelala kwenye..."

Tayari nilishakimbia. Nikapiga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja. Feni zikapungua. Waya ukakata mlio.

Na ule ukimya uliofuata ndio ulionifanya nisikie sauti nyingine.

Ssssss...

Chini ya gari.

Halafu harufu tamu, ya kuchefua, kama rangi ya kucha. Halafu moshi mweupe ukaanza kutambaa chini ya milango.

"FUNGUA!" nikamwambia.

Alikuwa anabonyeza funguo tena na tena. Gari kimya. Akavuta kitasa, hakifunguki. Umeme wote wa gari ulikuwa umekufa, na milango imejifunga.

Ndani, moshi ulikuwa umeshaanza kuingia. Mtoto akafumbua macho. Akamwona mama yake kwenye kioo. Akanyoosha mikono.

Ile sura sitaisahau mpaka naingia kaburini.

Yule dada alikuwa anapiga kioo kwa ngumi, anapiga, anapiga. Hakuna. Nikageuka nimwite mlinzi, kumbe ameshafika, amebeba mtungi mwekundu wa kuzimia moto!

"Ondokeni!"

Akaupiga mtungi kwenye kioo cha dirisha la upande wa pili. Mara ya kwanza, wapi. Mara ya pili kikamwagika chote. Nikaingiza mwili nusu ndani, vipande vinanichana mikono, moshi unanikaba, natafuta kifungo cha mkanda wa mtoto kwa kupapasa.

Sikuwa naona kitu. Harufu ya karafuu ilikuwa imenijaa puani, iko juu ya ule moshi wote, kana kwamba mtu ameinama kwenye bega langu anaangalia ninachofanya.

"Kapteni, nisaidie," nikasema. Nilisema kwa sauti. Mlinzi alisikia.

Mkanda ukaachia.

Tukamvuta. Tukakimbia. Hatukufika mbali, nyuma yetu kikalia kishindo, na joto likatusukuma mgongoni. Nilipogeuka, gari jeupe lilikuwa limeshakuwa jeusi, na moto unatoka chini yake unalia kama pampu.

Zimamoto walilimwagia maji mpaka jioni. Moto wa betri unazimwa, unaonekana umekufa, halafu unaamka tena.

Mtoto alikuwa anakohoa. Analia. Na mimi sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Shemeji akafika kwa pikipiki. Aliruka kabla haijasimama.

Nikajua ataenda kwa mtoto. Nikajua atapiga magoti mbele ya mkewe.

Wapi! Alikuwa anaangalia moto. Akashika kichwa, akamgeukia mkewe.

"Nilikukataza! Si nilikukataza chaji ya haraka? Kwa nini hamsikii? Hata kaka nilimwambia hivyohivyo, nikamwambia chajia nyumbani, chajia nyumbani, hakusikia!"

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Nafikiri alijisikia mwenyewe.

Mimi nilisimama. Damu inanichuruzika mikononi, wala sisikii maumivu.

"Kaka ulimwambia nini, shemeji?"

"Shemeji, sikia..."

"ULIMWAMBIA NINI?"

Akaanza kulia. Machozi yaleyale ya yadi ya chuma chakavu. Na kwa mara ya kwanza nikajua yalikuwa ya nini.

Alitoboa bomba, jamani.

Kapteni alimpelekea gari afanye matengenezo madogo tu. Katika kufungua, bisibisi ikateleza, akatoboa bomba la maji yanayopoza betri. Angemwambia tu kaka yake! "Kaka, nimeharibu, nisamehe." Kapteni angemtania mwezi mzima, ikaisha hapo.

Lakini aliona aibu. Yeye ni fundi, fundi anayesifiwa mtaa mzima.

Akaziba bomba juu juu. Betri ikawa inalalamika joto, taa ya onyo inawaka. Akakata nyaya za vipima joto, akaweka kidude kidogo mahali pake, kinachosema 25 muda wote. Taa ikazimika. Akamkabidhi kaka yake gari.

"Liko safi," alimwambia. "Ila usilichaji haraka."

Ukichaji polepole nyumbani, betri haipati joto sana. Alidhani hilo linatosha.

Siku ile Kapteni hakusinzia. Wachunguzi walipombana, shemeji alisema yote. Kipande kimoja cha betri kilipasuka akiwa barabarani, moshi ukajaa ndani ya gari, hakuona ukuta. Shemeji alifika wa kwanza kwenye lile gari. Aliliondoa harakaharaka ili mtu asilifungue, akatoa kipande kilichoungua, na vilivyobaki, betri, kompyuta yenye jina la Kapteni, mpaka viti, akavihamishia kwenye bodi la gari jeupe lililokuwa limekaa tu gereji kwake. Kile kidude cha 25 alikiacha palepale. Angekitoa, taa ingewaka, na mtu angeuliza.

Gari hilo ndilo alilowapa mke wake na mtoto wake wa kumzaa.

Mlinzi alimshika mpaka polisi walipokuja. Mama mkwe hasemi na mimi hadi leo. Anasema nimemmalizia watoto wote wawili. Namwacha, maana najua uchungu wake.

Yule dada na mimi? Mtoto wake alitibiwa, akapona, sasa ananiita mama mkubwa. Mama yake ananipigia simu kila jioni, na kuna siku hatuongei chochote, tunasikilizana tu pumzi.

Lakini kuna jambo moja sijamwambia hata yeye. Nawaambia ninyi.

Nyumbani kwetu tulikuwa na chaja.

Ya polepole, ukutani, nzima. Kapteni angeweza kuchomeka gari usiku, akaamka limejaa, kama mdogo wake alivyomwambia.

Hakuitumia. Kila mchana alikuwa anaacha abiria, anakatiza mji mzima, anakuja kituoni. Mimi nikidhani ana haraka na kazi. Kumbe muda wa chaji ya haraka ndio muda tuliokuwa tunakaa kwenye benchi, mimi na yeye, tunacheka. Hilo alimwambia mdogo wake kwa mdomo wake, na shemeji alilieleza mbele ya wachunguzi, nikiwa nimekaa palepale: "Nilimwambia achajie nyumbani, akanijibu, nyumbani nitamwona saa ngapi mke wangu, naondoka amelala narudi amelala."

Siku aliyokufa alitoka kwangu. Nilimchomeka kwa mkono wangu. Skrini ya joto ilikuwepo, na nina hakika ilisema 25 tangu mwanzo hadi mwisho.

Sikuiangalia. Nilikuwa namwangalia yeye.

Ndugu msomaji, mtu unayempenda akikwambia "usifanye hivi" bila kukwambia kwa nini, mgande mpaka aseme. Mnunie, mkorofishe, lakini aseme. Na wewe fundi, daktari, dereva, yeyote uliyeharibu kitu cha mtu ukaficha, nenda kaseme leo. Aibu utaimaliza kwa siku mbili.

Mimi bado niko kituoni. Watu wananiuliza nawezaje kurudi kazini pale. Nawajibu kwamba kila gari linalochomekwa, nasimama mbele ya skrini mpaka nione joto linapanda, halafu ndipo namsalimia mwenye gari.